Upande Uliokaa Kimya

Mimi dereva tu. Nilishika tochi.
Gogo la msonobari lilimpata Jansugh ubavuni
msituni juu ya Adishi,
na barabara ya kushukia Mestia
ilikuwa imezikwa na theluji tangu juzi.

Tulimkuta ameketi, hataki kulazwa,
anaipokonya hewa kidogo kidogo,
midomo rangi ya zabibu nyeusi.

Tsiuri, mganga wetu wa zahanati, hakuuliza mengi.
Akasikiliza kushoto: upepo.
Kulia: hakuna kitu.
Akagonga kwa kidole, kifua kikajibu
kama pipa la divai baada ya harusi.
"Mulika shingo."
Mishipa imetuna kama kamba,
na koo limehama njia yake,
limesukumiwa upande mzima
kama mtoto anayelala na kaka mnene.

"Hewa inaingia, haitoki," akasema.
"Imelikunja pafu. Sasa inausonga moyo."

Nikasema, tungoje helikopta.
Nikasema, lakini picha ya eksirei?
"Picha itamkuta maiti."

Nilikuwa nahesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono.
Mia na arobaini.
Kisha hapakuwa na cha kuhesabu.

Kidole chake kikatafuta katikati ya mtulinga,
kikateremka, ubavu wa pili, nafasi, ubavu wa tatu.
"Pita juu ya ubavu. Chini yake kuna mshipa wa damu."
Aliyasema hayo kwangu, mimi wa matairi na grisi,
kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuambiwa.
Sindano ilikuwa ndefu kuliko nilivyotaka kuona.

Ssssss.

Nimesikia matairi mangapi yakitoa pumzi njiani,
sijawahi kushangilia hata moja.
Hilo nililishangilia.

Mapigo yakarudi mkononi, membamba, yakibisha.
Neno la kwanza la Jansugh lilikuwa tusi. Kwa gogo.

"Usicheke," Tsiuri akasema. "Hapa tumekopa saa tu."
Akachana ngozi chini ya kwapa, akaingiza mrija,
ncha ya pili akaizamisha majini
ndani ya mtungi wa Nanuli wa kuhifadhia peasi,
uliochemshwa mara mbili.
Usiku kucha nikaulinda sakafuni,
chini ya kitanda, chini ya kifua chake,
nikitazama mapovu yanavyopanda, yanavyopungua.
Helikopta ilifika saa nne asubuhi, ikiomba radhi.

Majira ya kuchipua Nanuli akaudai mtungi wake.
Una peasi tena.
Hunikaribisha kila nikipita.
Bado sijaweza.