Ukosi wa Joho

Nimepewa joho namba kumi na saba,
jeusi lililokwisha kuchuja,
linanuka naftalini na jasho la mtu nisiyemjua.
Nikapindua ukosi kutazama kama linavumilia pasi,
nikakuta majina.

Perpetua, kwa wino wa buluu.
Chini yake Zuwena M., kwa uzi mwekundu,
mshono ule ule wa darasa la Sista Benigna.
Halafu Raya. Halafu mmoja aliyefutika
ikabaki herufi ya mwisho tu, a,
kama mtu aliyeitwa kwa mbali akaitika.

Hakuna aliyetuambia habari hii.
Miaka mitatu hapa Machui tulihesabiwa kila kitu:
ndoo, vijiko, vipande vya sabuni,
dakika za kuoga. Saa nne taa zizimwe.
Alfajiri kengele ya kanisa na adhana ya ng'ambo ya barabara
ziligombania nani aniamshe,
na adhana ndiyo iliyoshinda mara nyingi,
kengele ilimngoja Sista avae viatu.

Mimi Mboja binti Faki, wa Konde, Pemba.
Ada yangu ilikuwa karafuu,
karafuu zilipokwisha ikawa makonyo,
makonyo yalipokwisha mama akauza cherehani
akaniambia amemwazima jirani.

Mwaka wa pili Ramadhani na Kwaresima
ziliingia wiki moja.
Bi Mkasi wa jikoni akakaa mchana, mikono mapajani:
"Leo nimpikie nani? Paka?"
Na Sista Benigna, asiyecheka,
akauacha ufunguo wa jiko chini ya chungu cha mrehani
akapita zake kama aliyesahau.
Usiku ule daku tulikula wanane,
saba wenye saumu, na Skolastika,
aliyeapa kwamba Kwaresima yake
haikuwa na neno na muhogo wa nazi saa tisa za usiku.

Skolastika, kitanda cha juu.
Mkono wake ulining'inia usoni kwangu akilala,
vidole vina chaki.
Yeye ndiye aliyenitoa woga wa sehemu na desimali,
akizikata kwa kisu juu ya andazi,
robo yako, robo yangu, nusu ya Bi Mkasi.
Baba yake alikuwa mvunja kokoto.
Likizo ya mwaka wa tatu jiwe likamrukia jichoni.
Tuliporudi, godoro la juu lilikuwa limekunjwa
limefungwa kamba.

Asubuhi ile, kwenye kuita majina,
Sista aliliruka la kwake. Akafika mwisho wa karatasi.
Akarudi juu, akalisoma,
akangoja.
Tulisikia bomba la uani likidondoka.

Leo ukumbini kuna zulia la kukodi
na spika inayokoroma kila mgeni rasmi akisema "taifa".
Mama aliambiwa akae safu ya nyuma.
Amekaa ya mbele, kifumba cha halua ya Wete mapajani,
hajui kusoma ratiba, anaishika wima kama kioo.
"Mboja Faki Sh..."
Kigelegele chake kikammeza babu yangu mzima.
Sikujua kama ninatembea.
Nilijua tu kwamba ukosi unanichoma shingoni.

Kabla ya magharibi majoho yarudishwe.
Nikaazima kalamu kwa mpiga picha,
nikakaa ngazi ya dakhalia, mama anakata halua,
na nafasi iliyobaki haikutosha watu wawili.
Nikaandika Skolastika.
La kwangu nikalibana pembeni, dogo,
limepanda juu ya mshono.

Stoo alikuwepo Sista Benigna mwenyewe.
Akalipokea namba kumi na saba, akapindua ukosi,
miwani akaishusha puani.
Akatia mate kidoleni, akasugua ile S.
"Huu hautoki," akasema.
Kisha akauliza, bila kunitazama,
kama nyumbani kwa kina Skolastika
bado kunafikika kwa miguu.