Kisicho na Skrubu

Wamekitangaza jana usiku, kwao ilikuwa asubuhi.
Nimekitazama leo, Mtaa wa Aggrey, kabla jirani
hajawasha spika lake la kuita wateja,
kwenye kishikwambi cha Mwalimu Eusebia
chenye ufa unaoanzia kona ya kushoto
ukashuka ukijikunja kama Mto Msimbazi.
(Ufa alisema niuache. Hela ni ya tundu la chaji tu.)
Basi kile kipya, mara yangu ya kwanza kukiona,
nilikiona kimepasuka.

Jamaa mwenye viatu vyeupe alikishika kwa ncha za vidole
kama anayemtoa mwiba mtoto wa mwenzie.
Akakigeuza ubavu. Ukumbi ukaguna.
Chembamba, jamani. Nilitafuta cha kukilinganisha,
nikapata kadi ya kliniki, nikapata ukoko wa wali.
Hamduni, kijana wangu wa mezani, akasema:
"Bosi, hicho ukikisahau kwenye magazeti
kinaenda kufungia karanga."

Sitasema uongo: kioo chake kilinishika.
Walionyesha tone la maji juu ya jani,
na mimi, miaka kumi na tisa nafuta vioo vya watu,
nikanyoosha kidole gumba kulipangusa.

Halafu nikafanya kinachofanywa na watu wa kazi yangu.
Nikasimamisha picha. Nikaikuza.
Nikatafuta skrubu.
Pembeni hakuna. Chini, penye tundu la chaji, hakuna.
Mgongo laini kama paji la mtoto mchanga.
Kote gundi,
nyumba iliyojengwa mwenyewe akiwa ndani,
kisha mlango ukapigwa plasta.

Jamaa akasema: betri ya siku mbili.
Hakusema ya miaka mingapi.
Betri huvimba, bwana. Huvimba kimyakimya
kama mtu aliyedhulumiwa urithi na ndugu zake,
mpaka siku moja inainua kioo
kama uji unavyoinua kifuniko cha sufuria.
Siku hiyo mwenye nacho haendi kwa viatu vyeupe.
Anakuja kwangu, amekifunga kwenye kanga.

Bei waliiweka mwisho,
kama mshenga anayejua uzito wa alichotumwa.
Hamduni akaigeuza kuwa shilingi,
akaigeuza tena kuwa kodi ya fremu yetu:
miezi kumi na moja, na chenji ya chai.
"Na ile kalamu?"
"Kalamu inauzwa peke yake."
Tulicheka hadi muuza vitambaa akachungulia.

Saa nne Mwalimu akafika kutoka Chamazi,
chaki bado imo kwenye kucha.
Chake ni cha tangu sensa:
kilihesabu watu wa mtaa wake, kaya kwa kaya,
sasa kinatunza alama za Darasa la Sita.
Kina skrubu nne mgongoni,
tatu zake, moja ya redio, niliitia mimi.
Hakuuliza wembamba. Hakuuliza rangi.
"Kinawaka?"
Kikawaka.
Akavaa miwani, akashuka na orodha ya majina,
midomo ikicheza, kidole kikiruka ule ufa
kama mtu anayelijua shimo la njia ya kwao,
mpaka akafika mwisho, akashusha pumzi.
"Wamo wote."

Alipoondoka nikafungua daftari la kazi.
Nikaandika, chini ya deni la Mama Kijoli:
Kipya. Hakina skrubu. Gundi tupu.
Kuuliza: inalegea kwa joto la kiasi gani?
Kisha nikatoa nyaya zilizojaa droo ya tatu,
nikaipangusa vumbi.
Hamduni akaniangalia. "Cha nani hicho, Bosi?"
Sikumjibu. Vipimo walivitaja mbele ya ukumbi mzima,
nami nilikuwa nimeshika rula ya plastiki.

Kitaenea.