Penye Kiungo

Kule Njoro, kwenye shamba la waridi,
kazi yangu ni mipira ya maji.
Naifuata mistari asubuhi, umande haujaondoka,
nikitafuta tundu lililokauka.
Miaka sita imenifunza jambo moja:
mpira uliokatwa ukaungwa haurudi kuwa mzima.
Maji hupita, ndiyo, ua hunywa,
lakini ukiuvuta, ukiutwika mzigo,
hujikunja palepale penye kiungo.

Mimi nilikatwa nikiwa na miaka ishirini na mmoja.
Utumbo ulijisokota usiku kama kamba ya ndoo,
wakatoa kipande cha urefu wa mkono,
wakaunga ncha kwa ncha.
Daktari Okumbe alinichorea nyuma ya boksi la glavu:
hapa palikuwa hivi, sasa pako hivi.
Nikauliza, nitazaa? Akasema, utazaa,
ila siku hiyo ukiumwa, wakumbushe kovu.

Nilikumbusha.
Mwezi wa saba nilitapika kijani,
kisha kahawia, kisha kitu nisichotaka kukitaja.
Mavyaa akasema ni nyongo tu, mtoto ana nywele nyingi.
Zahanati wakasema mja mzito hutapika,
wakanipa vidonge vya kiungulia, nikavitapika mlangoni.
Nikainua blauzi: tazameni mshono huu.
Wakatazama mimba.
Mimba ikishakuwa kubwa, hakuna anayeona kitu kingine.

Ni Sista Kwamboka, zamu ya usiku, hospitali kuu ya Nakuru,
aliyeuliza kile ambacho hakuna aliyekiuliza:
"Mara ya mwisho kujamba ni lini?"
Nikacheka, nikaumwa, nikahesabu vidole.
Jumapili. Na hii ilikuwa Jumatano.

Kiswahili kilijua kabla yangu:
chango ni utumbo, na chango ni maradhi ya uzazi.
Na ndugu wa tumbo moja,
nilidhani ni watoto wa mama mmoja basi.
Sasa wawili walikuwa ndani yangu wakigombania nafasi,
mmoja mzee mwenye kiraka, mmoja hajapewa jina,
na mdogo, kila akijinyoosha,
alimkaba mkubwa penye kiraka.

Wakapasua juu ya kovu lilelile.
Mume wangu Gitahi alitia sahihi fomu mbili,
moja yangu, moja ya mtoto, endapo.
Hakusoma zaidi ya neno hilo.
Waliusogeza mji wa mimba kando,
mwanafunzi wa udaktari aliniambia baadaye,
kama mtu anayesogeza kibuyu kilichojaa maziwa,
wakakata utando uliokuwa umegandamana, wakaurudisha.
Mtoto hakuamka. Au aliamka akanyamaza.

Halafu kungoja.
Tangu utoto tulifunzwa kuubana ushuzi mbele za watu,
sasa wodi nzima iliuombea.
Chelang'at wa kitanda cha kumi na moja, mama pacha,
kila nikijigeuza: "Bado?"
"Bado."
Alfajiri ya Jumamosi, mfagiaji akiwa ameinama chini ya kitanda,
ukatoka, mrefu, bila haya.
Chelang'at akapiga vigelegele vitano, vya mtoto wa kiume.
Mfagiaji akasema, pole mama.
Mimi nikalia.

Leo ni wiki ya thelathini na tatu.
Sijarudi kwenye mipira; msimamizi amenipa stuli
na kazi ya kuhesabu mafungu ya maua.
Nakula uji mwepesi, kidogo kidogo, nikisikiliza.
Tumbo likinguruma nasema asante.
Yeye hupiga teke upande wa kulia, mbali na kiungo,
lakini jana usiku kitu kilisogea kushoto,
Gitahi akawasha taa, tukakaa,
kiganja chake juu ya mshono,
tukingoja kujua ni yupi kati ya hao wawili.