Daftari la Pua

Masalakulangwa amerudi kutoka melini na chupa tatu,
kazifunga ndani ya suruali za kazi kama watoto wa paka.
Tumekaa barazani kwake, Isamilo, mawe yangali na joto la mchana,
umeme umekatika tangu saa moja.
Glasi ni za chai. Daftari ni langu,
lile lile la kiwandani: safu ya harufu, safu ya ladha, safu ya uamuzi.
Mwaka wa kumi na nne huu nalipwa kunusa minofu ya sangara
na kusema hii ipande ndege, hii isipande.
"Basi leo," anasema, "nusa cha Uskoti."

Ya kwanza.
Kiwanda kina miaka saba, wiski yenyewe mitatu na miezi.
Rangi ya mkojo wa mtu anayekunywa maji ya kutosha.
Nanasi, gundi ya mbao, sukari guru;
inajibu kabla haijaulizwa,
kama mtoto wa darasa la tatu, dawati la mbele.
Nyuma ya utamu kuna kitu kinachoma, chembamba kama sindano.
Nakijua.
Mama yangu, Ng'washi, alikeneka pombe nyuma ya nyumba, Sengerema,
pipa la mafuta, bomba la shaba likipita kwenye beseni la maji,
na kikombe cha kwanza hakumpa mtu.
Alikimwaga mchangani: "Hiki ni cha kupofua."
Naandika: Wamechelewa kuacha kumwaga? Hapana. Wamewahi.
Mama angewagombeza.
Tano.

Ya pili, kiwanda kilianza kabla babu wa babu yangu hajaota meno.
Anasoma karatasi ya chupa kwa tochi ya simu:
"Imelala ndani ya mwaloni miaka ishirini na mitano."
Nikaona Mwaloni, pale Kirumba,
magunia ya dagaa, mizani, matusi ya makuli,
na wiski imelala robo karne katikati yao, hakuna aliyeiiba!
Akacheka hadi akamwaga.
"Mti, wewe! Ule wa Ibrahimu kule Mamre."

Anasema pia pipa likilala hupungua kila mwaka,
na wenyewe huko pengo hilo huliita fungu la malaika.
Kwetu malaika walikuja na virungu, Jumamosi,
wakanywa fungu lao, wakatoboa pipa,
wakaondoka na mama hadi Jumatatu.

Naionja. Zabibu kavu, ngozi ya mkoba, nta,
kisha mbao, kisha mbao, kisha mbao.
Wameisahau ndani.
Mlango mzuri sana, lakini mlango.
Saba kwa heshima. Sita kwa ukweli. Sita.

Ya tatu, kiwanda kilifungwa, paa likaingia njiwa,
miaka ikapita, watu wengine wakaja na funguo.
"Hawa hukausha shayiri kwa moshi wa mboji."
Moshi. Neno hilo nalijua kwa upande wake mwingine:
kwetu moshi ndiyo pombe yenyewe,
"Tupimie moshi," walinong'ona dirishani kwa mama.
Nanusa. Iodini ya wodi, kamba iliyolowa,
sangara wa Ukerewe juu ya banio, mafuta yakidondokea makaa.
Sijaandika kitu.
"Tia maji," anasema, "matone tu."
Maji ya bomba ni ziwa lile lile, limepandishwa kilimani na kutiwa dawa.
Matone matatu. Ikashika ukungu, ikafunguka,
na chini kabisa ya moshi, muhogo uliolowekwa,
ule utamu wa siku ya pili, kabla mama hajawasha moto.
Nikafunika glasi kwa kiganja.

"Ngapi?"
Kiwandani alama ya juu ni kumi na sijawahi kuitoa;
samaki wa kumi yungali majini.
Nikaandika tisa, nikaikata, nikaandika tisa.
Chini yake, kwa mwandiko mdogo:
Sengerema, hakikukaguliwa.

Kesho saa kumi na mbili pua hii inangojwa na tani nne,
na meneja atanusa mdomo wangu kabla sijanusa samaki wake.
Masalakulangwa amenipa karafuu mbili.
Nazitafuna nikishuka mawe, gizani, kwa kukisia.