Ya Mafuta

Tulitoka Kiel pamoja, saa kumi na moja alfajiri,
theluji ya Februari imeganda kwenye vioo kama uji uliomwagika.
Henning na petroli yake, mimi na betri yangu,
kilomita mia tisa na hamsini hadi Kempten,
kuifungua nyumba ya mama, tuifunge.

"Ukifika kabla ya Pasaka, Wiebke, nitakukaangia mayai,"
alisema kaka yangu. Sikumjibu.
Niliwasha gari, nalo halikusema kitu.
Ndiyo kasoro yake, na ndiyo raha yake:
huondoka kama mtu anayetoka msibani bila kuaga.

Chini ya mto Elbe, handakini, tulikuwa sambamba.
Baada ya Hanover pakafika mahali ambapo hakuna kibao cha kumzuia mtu.
Akapita kushoto, taa zikakonyeza mara mbili,
mia na themanini, ngurumo ikaja, ikaenda zake,
ikaniachia harufu ambayo, nakiri, niliipenda utotoni:
mama kasimama penye pampu, anahesabu sarafu,
anamwambia mhudumu, "Tia za kutufikisha tu."

Mimi nilishika mia moja na kumi.
Nilizima hita, nikavaa glavu.
Asilimia thelathini na nne.
Vilima vya Kassel havina huruma:
ukipanda, namba inaporomoka;
ukishuka, kilima kinakurudishia chenji,
si yote, lakini kinarudisha.
Gari la Henning halina habari hiyo. Likishika breki,
mteremko mzima unaishia kuwa joto la bure kwenye vyuma.

Kituoni, chaja mbili kati ya sita zilikuwa zimekufa.
Nilipanga foleni nyuma ya fundi wa vinanda vya kanisani,
Bwana Ottokar Prell, viti vya nyuma kalaza mabomba ya bati
yaliyoviringishwa blanketi kama watoto wachanga.
"Tangu niuze gari la dizeli," alisema,
"nimesoma vitabu kumi na viwili,
na nimenenepa kilo sita kwa soseji za vituoni."

Simdanganyi mtu. Henning hujaza tangi kwa dakika nne,
kahawa mkononi, huyo.
Kwa njia ile, kwa baridi ile, alinishinda.

Lakini karibu na Würzburg,
nimefungwa kwa waya kama mbuzi kwenye kigingi,
nililia.
Tangu mazishi sikuwa nimepata nusu saa isiyo na kazi.
Hakuna aliyegonga kioo. Skrini ilihesabu:
sitini na moja, sitini na mbili.

Nilifika saa kumi na mbili jioni, giza limeshatanda.
Gari lake lilikuwa langoni, linanguruma,
theluji chini ya bomba la moshi imekuwa nyeusi.
Alinitangulia kwa saa tatu na nusu,
na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.
"Mbona hukunipigia simu?"
"Ningekupigia, ungekanyaga," alisema,
"ukikanyaga, betri ingekuishia njiani."
Pua yake ilikuwa nyekundu. Tukaingia.

Usiku nilipitisha waya dirishani mwa jiko,
nikauchomeka palipokuwa birika lake la chai.
Soketi ya nyumbani ni kijiko, gari ni pipa:
kutwa kucha, unapata kilomita mia na kidogo.

Asubuhi Henning alikwenda kusoma mita,
penseli sikioni, aandike namba ya mwisho
kabla kampuni haijakata umeme Jumatatu.
Alikaa huko muda mrefu kuliko namba zenyewe.
"Safari yako," alisema aliporudi,
"imeingia kwenye bili ya mama."

Kila tulipoondoka hapa alitusindikiza hadi langoni,
noti kaikunja mara nne, anakubania kiganjani:
"Ya mafuta."
Hata mwaka juzi, nilipomwonyesha plagi,
nikamweleza mara tatu, akasikiliza vizuri,
akatikisa kichwa kwa kuelewa,
kisha akanishika mkono.
"Haya. Ya mafuta."