Ufa Umehama

Corolla DX ya Nkwabi ikiondoka
watu wa Ipuli hutazama boneti inavyonyanyuka.
Mimi hutega sikio nyuma.
Wiki ya pili sasa, kila akiachia klachi
kuna neno dogo huko chini: nk.
Mara moja tu. Kama mtu aliyetaka kusema, akaghairi.

"Tatizo ni injini," anasema Nkwabi,
na kabureta nyingine kaja nayo kwenye mfuko wa sukari.
Injini sijaiuliza kitu.

Tuliipandisha juu ya magogo mawili ya mninga,
maana jeki yetu siiamini.
Nikakwangua tope la njia ya Sikonge,
nikapaka mafuta ya taa, nikayafuta hadi pakakauka,
nikamwomba Kalunde chaki ya shule.
Akaisaga kwa kichwa cha spana,
tukapuliza unga pale mkono wa chini
unaposhika bodi.
Tukangoja. Treni ya Dar ikapiga honi stesheni,
imechelewa, haina hata haya.
Kisha mafuta yaliyojificha yakatoka yenyewe:
mstari mweusi juu ya weupe,
mwembamba kuliko unywele wa kichanga.

Nikaufuata kwa kidole, nikanyamaza.
Ulianzia kwenye weldi yangu.

Mwaka jana nilibandika pale bati nene,
nikalizungushia moto pande zote nne,
nikajigamba: hapa hata trekta haling'oi.
Na kweli, pale hapakung'oka.
Waliotuhimiza kuziba ufa
hawakutuambia kwamba ufa ukizibwa kwa kiburi
hufungasha vyombo, ukahamia kwa jirani.

Nkwabi, weka hiyo kabureta chini, sikiliza.
Gari lako zima, na wewe, na kofia yako, na sifa zako,
husukumwa na mikono miwili mifupi
ambayo hujawahi kuinama kuiona.
Ukikanyaga, difu linataka kuinua pua,
mikono ya juu inavutwa, ya chini inasukuma,
na ugomvi wote huo unaishia kwenye bati
lililokunjwa kwa ajili ya mwalimu
kwenda Urambo na mkewe na kreti moja ya soda.

Nilikata weldi yangu ya zamani kwa grenda.
Mwishoni mwa ufa nikatoboa tundu,
dogo, la milimita tatu,
ili ufa ukifika hapo ukose pa kwenda.
Saa tisa umeme ukakatika.
Tukala mihogo. Ukarudi saa kumi na moja.

Safari hii bati jembamba, refu,
nikalichonga ncha huku na huku kama jani la muwa,
mzigo upite taratibu, usidondoke ghafla ukingoni.
Nikachomelea kwa vipande, inchi hapa, inchi kule,
katikati nikikaa chini kuacha chuma kipoe.
Nikapitisha bomba ndani ya ile mikono.
Bushi zilizokufa nikazing'oa kwa moto,
zikanuka kama viatu vya mgambo.
Nilizoweka ni ngumu, lakini bado ni za mpira;
kitu kisichokubali kuyumba hata kidogo
pigo lake humtupia mwenzake.

"Sasa ufa utahamia wapi?" Kalunde akauliza.
Sikuwa na jibu. Nilimpa tochi ashike.

Jumapili, kwenye kile kipande cha lami kilichofungwa,
Nkwabi alipitwa kwa urefu wa boneti
na kijana wa Nzega mwenye Subaru.
Watu wakamkimbilia mshindi.
Mimi nilijilaza chali chini ya Corolla, lami inaunguza mgongo,
mafuta ya taa, kitambaa, chaki.
Nkwabi alikuja kulalamika, akaona miguu yangu,
akachuchumaa. Mara ya kwanza kuchungulia huko.
Tukangoja watatu.
Weupe ukabaki weupe.

Kalunde akakung'uta mikono kwenye sketi,
akadai kipande kilichobaki.
Kesho zamu yake ubaoni.