Shimo la Choo, Katuba

Kabange alichimba mpaka kiunoni, jembe likagota.
"Si jiwe," akasema, "jiwe halilii kama chungu."
Tukakwangua kwa mikono: duara la udongo ulioiva,
mtoto angeweza kuketi ndani na kukumbatia magoti,
na chini yake makapi ya shaba, meusi,
mazito kuliko yanavyoonekana.

Tanuri. Kabla ya reli, kabla ya dohani la Mumbunda,
kabla mji haujapewa jina la malkia wala la mto.
Ukutani matabaka matatu: jeusi, jekundu, tena jeusi.
Mtu alijenga, mvua ikamfukuza,
akarudi kiangazi akaziba nyufa.
Akarudi tena.

Vichuguu huku havihesabiki. Udongo haukuadimika,
wala miti ya makala. Angeweza kuwasha popote.
Alikuja hapa.
Pengine mkewe alijifungulia karibu,
pengine alimzika. Pengine ni upepo tu aliouzoea,
unaoingia kwenye mirija bila kubembelezwa.
Hakuna aliyemwandika. Shaba yake ilikwenda mbali,
misalaba midogo ya kulipia mahari,
mingine ikalazwa kifuani pa maiti;
yeye akabaki, akiujua moto wake kwa rangi.

Nikamkumbuka baba.
Kampuni ilipomwachisha kazi, tukatolewa kwenye nyumba ya kambi,
na kila Jumapili baada ya misa alipita pale, koti mkononi,
asiombe kitu. Siku moja tu alipiga hodi,
akamwambia mke wa Musonda, mwenye nyumba mpya:
"Bomba la uani linavuja. Msilikaze kwa nguvu.
Linyanyue kidogo, kama unamwinua mtoto aliyelala,
ndipo uzungushe."
Akalifunga mwenyewe.
Alirudi kwetu akitembea kama mtu aliyeshiba bukari.

"Nivunje?" Kabange akauliza. "Mvua haingoji."
Kwenye udongo palikuwa na alama ya kidole gumba.
Nikatia changu. Hakikuingia.
Kilichobonyea pale kilikuwa cha mtoto,
aliyeambiwa labda: shikilia hapa, usiondoke, nakuja.

"Sogea hatua mbili," nikasema.
Akasonya, akadai elfu tano za ziada,
akaanza upya kando ya ukuta wa jirani,
ambaye mpaka leo hatusalimii,
kwa sababu ya harufu.